Ami Amesema Barua Haikumfikia, Nami Ninalo Jibu Lake

Mshauri wetu, asalaam aleikum.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa hivyo ikiwa ndefu uniwie radhi. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Lamu, mama wa watoto wawili. Ni mmoja wa wasaidizi watatu wa karibu wa mheshimiwa mmoja wa pwani hii. Cheo chake na ofisi yake sitavitaja. Kazi yangu ni barua. Zinazoingia nazisoma, zinazotoka naziandika, Mheshimiwa hutia sahihi. Wako watu waliohifadhi barua za rambirambi wakidhani ni maneno yake, kumbe ni yangu, niliyoyaandika saa tano za usiku mtoto amenilalia mapajani. Silalamiki. Kazi hii naipenda.

Mkuu wa wafanyakazi katika ofisi hiyo ni ami yangu, mdogo wa marehemu baba. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Ami ndiye aliyelipa karo hadi nikamaliza chuo Mombasa, ndiye aliyekuwa walii wangu siku ya nikaha, na ndiye aliyelipeleka jina langu ofisini. Kazini namwita Bwana Mkuu. Jioni akipita kwa mama namwita Ami, namtilia kahawa.

Tarehe 14 Novemba walikuja kina mama wawili kutoka kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate. Wana kikundi cha uchuuzi wa samaki, na friji yao kubwa ya kuhifadhia samaki iliharibika tangu kusi. Samaki wakikosa kununuliwa asubuhi, jioni ni wa kutupa, na madalali wameshalijua hilo, wanangoja jua lipande ndipo waje kutaja bei. Waliomba Mheshimiwa awasemee ili ukarabati uingie katika bajeti. Barua yao ilikuwa ya mkono, kurasa mbili, ina sahihi 22 na alama 9 za dole gumba. Walikuwa wametoka usiku ili wawahi maji ya Mkanda, ule mlango wa bahari wa kuingilia Lamu, kabla hayajakupwa. Mmoja alikuja na mahamri ndani ya kikapu cha ukili, akaniambia, "Haya ni ya wewe utakayeisoma."

Niliipiga mhuri mbele yao nikawapa nakala. Nikaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia. Kijana wa masijala akaifungulia jalada. Nami nikaipiga picha, nikamtumia Ami kwa barua pepe, nakala kwa mshauri wa siasa. Hazikupita dakika ishirini Ami akajibu: "Nimeiona. Niachie."

Nikamwachia.

Mwezi wa Januari mmoja wa wale mama alinipigia simu. Nikamwambia, "Mama, barua iko kwa Mheshimiwa, subirini kidogo." Ukweli ni kwamba sikujua iko wapi. Sikuwa nimemuuliza Ami hata siku moja.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na mkutano wa hadhara. Mama mmoja akaomba kipaza sauti, akaitoa ile nakala yetu yenye mhuri, akaisoma tarehe kwa sauti. Watu wakanyamaza. Mheshimiwa alisema atafuatilia, lakini nilimwona shingo imemshuka. Usiku ule akatuandikia sisi watatu pamoja na masijala. Ofisini kwetu huandikiana Kiingereza, kile cha "tafadhali rejelea" na "kwa hatua yako", ila moto ukiwaka hurudi Kiswahili. Aliandika mstari mmoja: "Nani alikaa na barua hii?"

Ami akajibu, akabonyeza jibu kwa wote: "Barua hii haikufika mezani kwangu. Masijala watueleze."

Niliisoma nikiwa jikoni. Nilikaa chini kwenye kibao cha mbuzi.

Kijana wa masijala ana miaka 24, yuko kwa mkataba, si mtu wa hapa kisiwani na ofisini hana mtu. Amepewa barua ya kutakiwa ajieleze ndani ya siku 14. Leo ninapokuandikia zimebaki tisa. Juzi alinifuata kwenye ngazi, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Dada, ile barua si uliituma mbele juu?" Nikamwambia, "Ngoja kidogo." Amengoja. Kila nikipita mlangoni pake anainua macho.

Usiku wa pili Ami alikuja nyumbani. Hakuingia. Alisimama nje, akasema kwa sauti ya chini: "Ile barua pepe iondoe. Halafu waandikie kina mama jibu, litie tarehe ya Novemba, tutasema lilitumwa likapotea njiani. Siku mbili tatu litasahaulika." Kisha akaniuliza habari za watoto.

Jibu hilo nimeliandika. Lina tarehe 28 Novemba, liko kwenye kompyuta yangu, sijampa. Barua pepe sijaifuta. Mshauri wa siasa amekaa kimya kama hakuna jambo, na watu ofisini wananong'ona kwamba kile kijiji hakikumpigia Mheshimiwa kura. Mama nilimweleza, akaniambia: "Mwanangu, usimvundie nyumba amiyo. Huyo kijana atapata kazi pengine. Amiyo akianguka, sisi hatuna pengine."

Kuna saa nataka kubonyeza jibu kwa wote niweke maneno yake mawili hapo, basi. Kuna saa nataka nifute nilale. Rafiki yangu mmoja anasema nipige picha ya skrini nimpe mtu wa makundi ya WhatsApp, itazunguka yenyewe. Nikisema nimemsaliti aliyenilea. Nikinyamaza nimemzika kijana wa watu. Sioni njia ya tatu. Nishauri.

Wako, Mwandishi wa Barua za Wengine, Lamu.

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Jibu hili nimekutumia wewe kwanza kabla ya kulichapisha, maana siku tisa za kijana hazisubiri toleo letu. Wasomaji wengine wanalipata sasa, kwa ridhaa yako, na vijambo viwili vitatu tumevibadilisha usitambulike.

Nianze kwa kukurudishia nilivyokuelewa, unisahihishe nilipokosea. Ulipokea barua, ukaifanyia kazi yako yote ya siku ile: mhuri, daftari, jalada, kutuma. Mkubwa wako, ambaye ni ami yako, akasema ameiona. Miezi minne baadaye amesema haikumfikia, na lawama imemwangukia mdogo kuliko wote. Wewe umeshika kitu kidogo sana, maneno mawili, chenye uwezo wa kumwokoa mmoja na kumwaibisha mwingine. Juu ya hayo umeombwa uandike kitu ambacho hakikuwapo. Na ndani kabisa, mahali ulipopapita haraka, kuna ile simu ya Januari. Nitairudia.

Kabla ya safu hii nilikuwa katibu muhtasi hapa Malindi kwa miaka mingi, enzi ya taipureta. Barua tulizipiga kwa karatasi tatu na kaboni mbili kati yake. Ya juu ilikwenda, ya pili jaladani, ya tatu ilikaa kwenye faili la tarehe, barua zote za siku hiyo zimefuatana. Vidole vyangu vilikuwa na samawati Jumatatu hadi Ijumaa, hata nikikanda unga. Kwa hiyo unaponiambia kazi yangu ni barua, najua unasema nini. Mwandishi wa barua za mkubwa huishi na sauti ya mtu mwingine mdomoni, na siku ya shida hajui aseme kwa sauti ipi.

Nimeyasoma maneno ya Ami tena na tena. Hakusema, "Sikuiona." Alisema, "Haikufika mezani kwangu." Mezani. Huenda moyoni mwake ameshikilia neno hilo kama mtu anayeshikilia ukingo wa mashua: karatasi kweli haikufika mezani, ilifika kwenye simu. Sisemi hivyo ili nimtetee. Nasema kwa sababu umeandika kana kwamba Ami alikaa akapanga kumwangamiza kijana, na mimi naona pia uwezekano wa mtu aliyeulizwa usiku, mbele ya wengine, akaogopa, akajibu haraka, kisha akajikuta lazima ailinde kauli yake. Ukienda kwa aliyepanga utasema maneno fulani. Kwa aliyeogopa utasema mengine. Wewe unamjua, mimi simjui. Ni yupi?

Lugha yetu ya ofisini, hata tukiandika Kiswahili, ina milango mingi ya kutokea. "Barua imechelewa," kana kwamba ilikuwa inatembea ikachoka. "Faili limepotea." "Jambo halikushughulikiwa." Ukitia mtendaji sentensi inageuka: nimeichelewesha, nimelipoteza, sikulishughulikia. Mheshimiwa aliuliza "nani", akajibiwa kwa sentensi isiyo na nani ndani yake, isipokuwa masijala mwishoni. Nakuomba ujaribu kitu kabla hujaamua lolote. Chukua karatasi, uandike habari nzima kuanzia tarehe 14 Novemba, kila kitendo na mtendaji wake, na wewe uwemo. Usiitume popote. Nataka uione tu ikiwa kamili.

Ndipo tuje kwenye ile simu. Uliwaambia kina mama barua iko kwa Mheshimiwa. Mwanangu, sikulaumu, kila aliyewahi kupokea simu ya ofisi amewahi kusema "inashughulikiwa". Lakini nahisi sehemu ya uzito unaoubeba ni huo. Unaogopa kwamba ukiufungua mlango wa Ami, na wako utafunguka. Ikiwa ni hivyo, ni afadhali ulijue sasa, kwa sababu maelezo yoyote utakayotoa yakiiacha Januari nje yatakuwa na shimo, na Ami akisukumwa ukutani atalionyesha shimo hilo yeye mwenyewe.

Yapo mambo umeyachukua kuwa hakika, nami sina uhakika nayo. Unasema kama kwamba siri iko kati yako na Ami. Lakini wewe mwenyewe umeandika, kwa kupita, kwamba nakala ilikwenda kwa mshauri wa siasa. Mtu wa tatu anayo. Amenyamaza leo, na kimya cha mtu wa siasa huwa kina siku yake ya kusema. Ukifuta yako, yake ipo, ya Ami ipo, na mara nyingi mtambo wa ofisi nao una yake. Ukifuta utakuwa umeondoa ushahidi wa kwamba ulifanya kazi yako, basi.

La pili, unaamini Mheshimiwa hakujua. Pengine hakujua. Lakini umetaja minong'ono ya kura. Wasaidizi wa wanasiasa hupokea maagizo mengi yasiyoandikwa: jicho, mguno, "hilo tuliache kwanza". Ikiwa "niachie" ya Ami ilitoka juu, basi Ami amebeba aibu ya mtu mwingine, na unayetaka kumpelekea ushahidi ndiye mwenyewe. Sijui. Nakuomba tu usiende kwake ukiwa umeshaamua kwamba ni hakimu asiyehusika.

La tatu ni deni lako kwa Ami. Karo ni kweli, nikaha ni kweli, na mtu asikwambie ni mambo madogo. Ila jiulize siku ile anakulipia kidato cha tatu alikuwa anamsomesha mtu wa namna gani. Jibu hilo unalo wewe na yeye, na huenda ndilo la kuanzia mazungumzo.

Sasa njia. Umesema mbili, mimi nahesabu zaidi, na kila moja ina miba yake.

Ipo ya kwenda kwa Ami kabla ya mtu mwingine yeyote. Usiende kwa simu wala kwa WhatsApp, maana hapo kila neno litasomwa na hofu yake. Nenda kwake baada ya alasiri, mama yako asiwepo, na karatasi ile uliyojiandikia iwe mfukoni. Unaweza kumwambia: "Ami, tarehe ya Novemba siwezi kuiandika. Ninaloweza ni kukaa nawe leo tuandike mistari miwili kwa Mheshimiwa, kwamba barua ilikufikia kwa simu, ikapitiwa." Mkubwa akipewa nafasi ya kujisahihisha mwenyewe, huitumia mara nyingi kuliko tunavyodhani. Maneno "nimeangalia tena, niliipokea kwa barua pepe tarehe 14, masijala hawana kosa" hayajawahi kumfukuzisha mtu ninayemjua. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa, akakasirika, akakuwahi kwa Mheshimiwa au kwa mama. Usimpe siku nyingi za kufikiri, kwa sababu siku hizo anazilipa kijana.

Ipo ya kumwandikia Mheshimiwa peke yake. Ukichagua hii, andika kama karani, usiandike kama mpwa wala kama shahidi mahakamani: barua ilipokelewa tarehe fulani, ikaingia daftarini kwa nambari fulani, ikatumwa kwa fulani na fulani saa fulani, jibu lilikuwa hili, Januari nilipigiwa simu nikasema hivi bila kuhakikisha. Usitie neno "uongo". Usitie "nasikitika kusema". Jitayarishe kwa swali moja atakalokuuliza bila shaka: kwa nini ulikaa wiki mbili? Na ujue anaweza kumwonyesha Ami ujumbe huo dakika ile ile.

Jibu kwa wote ndilo la haraka kuliko yote, na wako watu ninaowaheshimu wangelibonyeza usiku ule ule wala nisingewalaumu. Kijana angelala vizuri. Lakini kubonyeza kule ni kusimama katikati ya baraza na kumvua mtu kilemba. Mkijakutana Idi mtapeana mikono, na jambo litakuwa limekaa hapo kati ya mikono. Wewe utapima kama unaweza kuishi nalo.

Kuhusu picha ya skrini na makundi ya WhatsApp, hapo moyo wangu unasita sana. Barua ya kina mama ina majina, na nadhani nambari za simu, pengine na za vitambulisho. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na hata bila sheria, wale mama 31 walikupa wewe majina yao wakakupa na mahamri. Barua ikishaanza kuzunguka, kina mama ndio watakaopigiwa simu na kuulizwa wametumwa na nani.

Halafu ipo njia ambayo haipiti kwako moja kwa moja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa kosa la kazi sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini amchague mwenyewe akae naye. Kijana anajua hilo? Anajua kwamba daftari la barua zinazoingia, analolitunza yeye, lina mwandiko wako? Ikiwa uliandika pale "imetumwa kwa Mkuu wa wafanyakazi", basi nakala ya ukurasa mmoja inaweza kukaa nyuma ya maelezo yake. Unaweza kumwambia tu, "Angalia daftari, tarehe 14." Hiyo ni sentensi fupi. Lakini uzito wake ni huu: ukiishia hapo utakuwa umemtuma kijana wa mkataba, asiye na mtu, akamkabili Ami yako peke yake kwa silaha uliyompa wewe gizani. Akikuchagua uwe yule mwenzake wa kukaa naye, utasema ndiyo? Swali hilo lilinikosesha usingizi mimi, nadhani nawe litakukosesha.

Na kunyamaza nako ni njia, sitajifanya haipo. Mama yako hakusema upuuzi. Katika mji wetu nyumba moja ikianguka hubomoa ukuta wa jirani, na mjane anajua hesabu hiyo kuliko mimi na wewe. Ila mama amehesabu watu wawili, Ami na kijana. Hakukuhesabu wewe, ambaye jina lako liko kwenye daftari, kwenye barua pepe na kwenye simu ya Januari.

Lile jibu la tarehe 28 Novemba ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Fikiri linavyofanya kazi. Barua zinazotoka nazo zina daftari lake na nambari zake, zimefuatana. Za Novemba zimeshajaa. Mtaipa hii nambari gani? Mtabandika mstari katikati kwa mwandiko wa nani? Faili kwenye kompyuta yako linaonyesha siku lilipoundwa. Kina mama 31 watasema hawakupata kitu. Yaani uongo wa sentensi moja aliosema Ami usiku, ukiupa karatasi, utahitaji daftari, na daftari litahitaji mtu. Mimi si wakili, lakini barua yenye mhuri wa ofisi ya umma ni kumbukumbu ya umma. Sura ya 19 ya sheria zetu, ile ya nyaraka za taifa, haimruhusu mtu kuziharibu kwa hiari yake. Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 iliyokitekeleza huipa ofisi siku 21 kujibu. Mama yule aliyeshika kipaza sauti anaweza kesho kuandika kuuliza barua yake ilipita kwa nani, au akaenda kwa Ombudsman, ofisi inayosikiliza malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma. Kwa mama niliyemsoma mimi, sitashangaa.

Kwa hiyo kabla hujampa Ami rasimu hiyo, au hujaifuta, tafuta wakili umuulize kwa saa moja, awe wa Malindi au Mombasa, asiyekujua wewe wala yeye. Muulize pia kama inafaa kujitumia nakala za barua za ofisi kwenye anwani yako binafsi, maana wengi hufanya hivyo kwa nia njema likageuzwa kuwa kosa lao. Huenda akakwambia uiache ilipo na uandike pembeni tarehe na saa. Muulize na kuhusu kifungu cha 236 cha Katiba, kinachosema mtumishi wa umma asiadhibiwe kwa kutekeleza kazi yake kwa mujibu wa Katiba. Kama mkataba wako unakuweka ndani ya kinga hiyo, ni vyema ulijue ukiwa bado una nafasi ya kuchagua.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa haraka kupita kijana mwenyewe. Ninyi wanne mmekuwa mkiandikiana kwa wiki mbili kuhusu nani alikaa na barua. Katika yote uliyonieleza sijaona mahali mtu ameandika kuhusu friji. Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Sasa ni Machi. Barua ya kina mama haijafa. Inaweza kujibiwa kesho, kwa tarehe ya kesho, ikianza na salamu na maneno ya kawaida kabisa: tuliipokea barua yenu tarehe 14 Novemba, tumekawia kuijibu, tunaomba radhi, na hatua tuliyochukua leo ni hii. Barua kama hiyo hailazimiki kumtaja Ami. Haimtaji kijana. Lakini haiwezi kuandikwa na mtu anayesema barua ilipotea, na kwa hiyo ukiipeleka kwa Ami aisome, utajua mengi kutoka usoni pake kabla hajafungua kinywa. Labda atauliza, "Na Mheshimiwa tumwambie nini?" Hapo mazungumzo yatakuwa yameanza, na yeye ndiye atakayekuwa ameyaanzisha.

Labda pia ataikataa. Basi utakuwa umebaki na zile njia nyingine, na wakili wako, na siku zilizosalia.

Sijui utakwenda wapi kwanza, kwa Ami, kwa Mheshimiwa au mlangoni pa masijala. Wewe ndiye unayejua ngazi za ofisi hiyo na mlango wa mama yako. Ninachokuomba ni kwamba ukipita tena mbele ya kijana, hata kama bado hujaamua, usimwambie angoje kidogo. Mwambie siku utakayompa jibu, uitaje.

Na ukiwa na nafasi mpigie yule mama wa Januari. Nambari yake bila shaka bado unayo.

Niandikie tena, hata mistari miwili.